Tutembee Visiwani, Lakini Chombo Kilichojaa Tukikatae

Katika mazungumzo yetu ya juma hili ningependa tuzungumze juu ya matembezi ya baharini, yaani ile desturi ya watu kukodi mashua au boti, wakavuka hadi kisiwani, wakashinda huko wakiogelea na kupunga upepo, na jioni wakarejea makwao. Huenda mwingine akasema kwamba hayo ni mambo ya watalii, na kwamba sisi wenye shida za karo, kodi ya nyumba na bei ya unga hatuna nafasi ya kuzungumza habari za mchanga mweupe. Namwomba asiizime redio yake. Jambo hili linamhusu yeye na watoto wake, na kabla hatujaagana nadhani ataona kwa nini.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki imejaaliwa visiwa vingi. Kule kaskazini, nchini Kenya, vipo Lamu, Manda, Pate na Kiwayu. Kusini ya Mombasa, mtu akifika Shimoni anavuka kwenda Wasini, na mbele yake ipo hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Tukija Tanzania tunavikuta Pemba na Unguja na visiwa vyao vidogo kama vile Misali, Changuu, Bawe na Chumbe. Mbele ya jiji la Dar es Salaam vipo Mbudya na Bongoyo, ambavyo pamoja na jirani zao Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Kusini zaidi ipo Mafia, yenye visiwa vya Chole, Juani na Jibondo pembeni yake, na halafu Kilwa Kisiwani na magofu yake, ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Na kila kisiwa kina habari yake. Ukienda Changuu utawakuta kobe wakubwa kupita kiasi, ambao asili yao ni visiwa vya Shelisheli, na ambao wa kwanza wao waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Utaliona pia jengo lililojengwa kwa ajili ya gereza, ingawa baadaye kisiwa kilitumika zaidi kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Ukienda Chumbe utauona mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Ukienda Misali, wazee wa Pemba watakusimulia kwamba zamani alifika huko mja mwema, akawaomba wavuvi mswala wa kusalia. Walipokuwa hawana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Na ukienda Mafia kati ya Oktoba na Machi, yumkini ukamwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye pamoja na ukubwa wake wote hula vijidudu na visamaki vidogo vidogo tu, wala hana shughuli na binadamu.

Sasa niulize: Ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuviona vitu hivi? Nimekutana na watu waliozaliwa Dar es Salaam, wakasoma huko, wakaoa huko, na kila wapitapo ufukweni wanaviona Bongoyo na Mbudya kwa macho yao, lakini hawajapata kukanyaga hata kimoja. Wapo pia watu wa Mombasa ambao Wasini wanaijua kwa kusikia. Mgeni anatoka Ulaya, anapanda ndege saa nane au tisa, anakuja kuogelea mbele ya mlango wetu, nasi tunamtazama kana kwamba bahari ile ni yake na sisi ndio wageni.

Sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni gharama, na hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi gharama hupungua watu wakijikusanya. Wafanyakazi wa ofisi moja, au jamaa wa ukoo mmoja, wakichangishana mapema wakakodi chombo kwa pamoja na kubeba chakula chao kutoka nyumbani, siku ya kisiwani haiwagharimu kuliko sherehe moja ya kipaimara au ya kumfunda mwali.

Sababu ya pili ni woga wa maji, na sababu hiyo, ndugu wasikilizaji, siidharau hata kidogo. Watu wetu wana haki ya kuogopa. Tarehe 29 Aprili, 1994 kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilipinduka karibu kabisa na ufuko, na watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011 meli ya Mv Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya familia za Unguja na Pemba zikaingia msibani. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai, 2012 Mv Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Na tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia nanga Ukara, katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 220.

Ukiyatazama mengi ya maafa hayo utaona kitu kimoja kinachojirudia. Chombo kilibeba kupita kiasi chake. Wakati mwingine dhoruba nayo ilichangia, wakati mwingine ubovu wa chombo, lakini lile neno "kilijaa" halikosekani sana katika simulizi za walionusurika. Na jambo linaloumiza ni kwamba wengi waliopanda waliona kwa macho yao kuwa kimejaa. Walipanda kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kivuko cha Ukara siku ile kilikuwa kinarudisha watu waliotoka gulioni. Aliyekwenda gulioni akauza dagaa wake, na watoto wanamngoja upande wa pili, ataambiwaje asubiri hadi kesho? Atalala wapi? Anayekwenda kumzika mzazi wake Pemba ataiachaje meli iondoke? Mtu wa namna hiyo amefungwa na dhiki, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Wa kulaumiwa ni yule aliyeuza tikiti zaidi ya nafasi zilizopo, na yule aliyepaswa kukizuia chombo lakini akageuza uso upande mwingine.

Lakini mtu anayekwenda kisiwani kutembea hali yake ni tofauti kabisa. Hakuna mazishi anayoyawahi, wala bidhaa inayomwozea. Asipofika leo atafika juma lijalo, na kisiwa hakitahama. Yeye ndiye msafiri pekee mwenye uhuru kamili wa kusema hapana. Kwa hiyo nasema kwamba mtu aliyekwenda kustarehe, akaona mashua imejaa, akapanda hivyo hivyo, huyo hana udhuru. Na tena nasema kwamba uhuru huo alio nao ni amana. Nahodha akishakataliwa mara mbili tatu na watu wa matembezi atajifunza kuhesabu vichwa, na faida ya somo hilo itamfikia yule mama wa gulioni ambaye yeye hakuwa na uwezo wa kukataa.

Niliwahi kuliona jambo hilo likitendeka. Tulikuwa kundi la watu tukivuka kwenda kisiwa kimoja kidogo, katika mashua yenye injini ya kupachika nyuma. Tulikwisha kukaa tukatosha, lakini nahodha akawa anaendelea kuita watu. Ubao wa mashua ukazidi kushuka, hadi mtu aliyekaa ubavuni angeweza kunawa mikono bila kuinama. Sote tuliona, na sote tukanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ndipo bibi mmoja mtu mzima, aliyekuja na wajukuu wake wawili, akasimama akajifunga kanga yake vizuri na kusema, "Nahodha mwanangu, nishushie wajukuu wangu." Nahodha akacheka, akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi Mkubwa. Chombo hiki kimezoea." Bibi akamjibu, "Chombo kimezoea, baba, lakini mimi sijazoea kuzama." Akateremka. Nyuma yake wakateremka kina mama wawili, kisha kijana mmoja, kisha baba mwenye mtoto begani. Nahodha alipoona anabaki na mashua tupu alibadili lugha yake mara moja, akawaomba radhi, akakubali kwenda safari mbili badala ya moja. Tulichelewa kama nusu saa hivi. Maneno ya bibi yule hayakuwa na ukali hata chembe, lakini yalifanya kazi ambayo pengine mkaguzi mwenye kofia na kitabu cha faini asingeiweza.

Hivyo basi, yatupasa kujua mambo machache kabla ya kufunga safari, na la kwanza ni majira. Wazee wetu waliisoma bahari kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi Desemba hivi hadi Machi, na ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Mei hivi hadi Septemba, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na nguvu, bahari ikachafuka na mawimbi yakapanda. Katikati ya pepo hizo mbili kipo kipindi cha utulivu, hasa Oktoba na Novemba, ambapo maji hulala na chini yake huonekana vizuri. Mv Skagit ilizama Julai, katikati ya kusi. Basi anayepanga matembezi ya watoto kwa mashua ndogo ayapange katika miezi ya utulivu, na wakati wo wote asikilize kwanza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na Kenya nayo inayo idara yake ya hali ya hewa. Tahadhari hizo hutolewa bure. Mtu anayesikiliza matokeo ya mpira kila Jumamosi hawezi kusema kwamba hakupata nafasi ya kusikiliza habari za upepo.

La pili ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa hufika kama mita nne. Hicho ni kimo cha nyumba ndogo. Yapo mafungu ya mchanga, kama lile la Nakupenda mbele ya mji wa Zanzibar, ambayo maji yakipwa huwa uwanja mweupe wa kupendeza, na maji yakijaa hayaonekani kabisa. Anayeshushwa hapo lazima ajue chombo chake kitamrudia saa ngapi, na ni vema zaidi chombo kisiondoke kabisa. Hali kadhalika, mtu anaweza kwenda kwa miguu mbali sana juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, akashughulika na kutazama kaa na samaki, na maji yakamzunguka kwa nyuma kupitia mkondo asioujua. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Muulize mwenyeji.

La tatu ni jaketi la kuokolea maisha. Kila aliyemo chomboni awe nalo lake, na mtoto awe na la kimo chake, kwa maana jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto pindi aingiapo majini. Tena livaliwe na kufungwa kabla ya kung'oa nanga. Jaketi lililofungiwa katika gunia chini ya mbao za tezi halimfai mtu ye yote, kwa sababu mashua ikipinduka hakuna atakayepewa nafasi ya kufungua gunia. Muulize nahodha pia kama anayo makasia, kama anayo nanga na kamba ya kutosha, kama anacho chombo cha kufulia maji, na kama simu yake ina chaji. Haya si maswali ya dharau. Nahodha hodari huyafurahia, maana yanamtofautisha na mbabaishaji. Na nahodha akisema bahari leo haiendeki, tumwamini na tusimrubuni kwa fedha. Wapo watu waliotoka mbali, wamekwisha kupika pilau lao, ambao humsukuma nahodha aende hata kama yeye mwenyewe anasita. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Serikali nazo zina wajibu wake. Tanzania Bara lipo Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya wanayo mamlaka yao inayosimamia mambo ya bahari. Vyombo hivyo viliundwa ili kukagua, kusajili na kuzuia. Lakini pwani ni ndefu, na vichochoro vya kupandia mashua ni vingi kuliko wakaguzi. Haiwezekani kuwa na ofisa katika kila bandari ya mchanga. Mahali pale ambapo mkaguzi hayupo, abiria ndiye mkaguzi wa mwisho.

Tukishafika kisiwani salama, tukumbuke kwamba tumeingia katika nyumba ya wenyewe. Matumbawe yale tunayoyaona kama mawe ni viumbe hai, na mengi hukua kwa kiasi cha sentimita moja au chache tu kwa mwaka. Mguu mmoja unaweza kuvunja kilichokua kwa miaka ishirini. Nanga isitupwe juu yake. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye mikono mitano, asitolewe majini ili apigwe picha juu ya kiganja, kwa kuwa nje ya maji hana pumzi, na akirudishwa aweza kufa baadaye sisi tukiwa tumekwisha kuondoka. Makombe tuyaache, maana hata kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani anayelitafuta. Na mifuko ya plastiki isiachwe kabisa, kwa kuwa kasa huiona ikielea akaidhania kuwa ni kiwavi cha baharini, akaimeza, ikamuua. Tulichokuja nacho turudi nacho.

Tena tuwaheshimu wenyeji. Mvuvi anayeanika nyavu zake, na mama anayefunga kamba za mwani, wako kazini. Anayetaka kuwapiga picha aombe kwanza, na anayepita kijijini avae nguo ya kupita kijijini. Kinachobaki na wenyeji baada ya sisi kuondoka ni kile tulichokinunua kwao. Kule Wasini, kina mama wamejenga njia ya mbao inayopita katika mikoko na katika bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya nchi kavu, na kiingilio cha wageni kinasaidia mahitaji ya kijiji. Huo ni mfano mzuri. Tukinunua samaki kwa mvuvi, madafu kwa mwenye mnazi, na mkate wa kumimina kwa mama aliyeuoka, safari yetu itakuwa imewafaa wawili, sisi na wao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na watoto wetu je? Nadhani hao ndio sababu kubwa kuliko zote. Mtoto aliyewahi kuinamisha uso majini akawaona samaki wa manjano na wa buluu wakipita katikati ya matumbawe, ukimwambia baadaye kwamba wapo watu wanaovua kwa baruti, hutahitaji kumweleza ubaya wake. Atakasirika mwenyewe. Lakini yule ambaye bahari kwake ni mstari wa buluu unaoonekana kutoka kwenye dirisha la basi, hana cha kutetea. Bahari hii itarithiwa na watoto hao hao, na mtu hatunzi urithi asioujua. Tuwafundishe pia kuogelea, wa kike kwa wa kiume. Ni ajabu kwamba katika miji yetu ya pwani mna watu wazima wengi wasioweza kuelea hata kwa dakika moja.

Ndugu wasikilizaji, bahari haishi zinge. Methali hiyo ni ya wavuvi, watu ambao hawakuacha kwenda baharini hata siku moja. Walikwenda wakiwa na macho yaliyofunguka, wakatazama upepo, wakatazama mwezi, wakakagua mbao na kamba zao, na siku isiyofaa wakakaa pwani wakashona nyavu. Nasi tufuate mwendo huo. Msimu wa utulivu ujao, wewe na jamaa zako changishaneni, chagueni kisiwa, mwende mkapumzike. Na mkifika pale pwani mkakuta mashua imejaa, shukeni. Shukeni kwa upole, bila matusi, na wala msione haya kwa wenzenu. Yumkini wao nao walikuwa wakingoja tu mtu wa kwanza.